Mafundi wa nyumba za mtaani nao ni wafanyakazi

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi niongelee mafundi wanaojenga nyumba za kuishi hapa Dodoma, maana toka serikali ihamie huku na mji ukawa jiji mwaka 2018, ukipita Nzuguni, Iyumbu, Mkonze ni tofali na mirunda tu, na wanaodondoka saiti hakuna anayewahesabu.

Mimi ni fundi ujenzi. Kwenye miradi mikubwa kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuna nafuu, getini huvuki bila helmeti na buti. Njoo sasa huku mtaani: fundi yuko juu kwenye renta na kandambili, jukwaa limepigwa misumari iliyonyooshwa kwa nyundo, mirunda imezunguka saiti kibao mpaka mchwa wameichoka, chini saidia fundi anarusha tofali. Mwambie bosi tununue mirunda mipya, anakwambia bajeti hairuhusu, na huyo huyo kaagiza tailzi za bei mbaya (sawa, hela ni yake). Kwenye kuezeka ndo usiseme, mwezi wa saba na wa nane na huu upepo wetu bati likishika upepo linaondoka na mtu.

Kuna kijana alidondoka toka juu wakampakia bodaboda mishikaki, mwenzake kamkumbatia nyuma asianguke, mgongo umeumia na barabara yenyewe mashimo matupu. Jamani, mtu aliyedondoka hivyo hakalishwi! Anaachwa alivyo mpaka ipatikane gari, hata kirikuu, halafu analazwa kwenye mlango au mbao pana, kichwa kishikwe shingo isicheze. Saiti ngapi zina mtu anayejua hilo? Mwenye nyumba alitoa hela ya dawa siku ile, baada ya hapo simu haipatikani.

Wengi wanadhani sheria ni ya makampuni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo toka 2003 na OSHA, wakala wa serikali wa kuisimamia, wapo. Mfuko wa fidia, WCF, nao upo, anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mshahara, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ila kibarua wa mtaani hana mkataba, yupo kwenye daftari la foleman tu, tena kwa jina la utani, sasa akivunjika mguu atamdai nani wakati bosi anasema mimi nilimpa kazi fundi na fundi anasema nyumba si yangu?

Naomba kibali cha ujenzi kisitoke mpaka aandikwe mtu mmoja kwa jina kwamba mtu akiumia hapa huyu ndo anabeba. Na wakaguzi wanaokuja na rangi nyekundu kupiga X, wakishaangalia kibali wapande na kwenye jukwaa kidogo. OSHA nao washuke mitaani, wakitaka kutukuta wote waje Jumamosi mchana, ndo siku ya malipo.

Fundi ujenzi,
Nkuhungu, Dodoma