Nguruwe aliyechanjwa ajaribiwe kwa kirusi chenyewe

Mhariri,

Habari za chanjo za DNA kwa nguruwe huandikwa karibu kila mara hivi: nguruwe walichomwa sindano, damu ikapimwa, kingamwili (protini za damu zinazopambana na kirusi) zikaonekana, basi chanjo imefaulu. Naomba waandishi wenu wasiishie hapo. Wamuulize mtafiti: je, nguruwe hao waliambukizwa kirusi chenyewe baadaye, na ikawaje?

Chanjo hii haina kirusi ndani yake. Ni DNA yenye jeni moja au chache za kirusi, inayochomwa msulini ili seli za mnyama zitengeneze protini ambayo mwili utajifunza kuipiga vita. Mwaka 1990 ilithibitika kwamba msuli wa panya hupokea DNA tupu na kuifanyia kazi, na matumaini yakapanda. Lakini dozi inayomtosha panya haimtoshi nguruwe, na mara nyingine hulazimu kupitisha mishtuko midogo ya umeme pale penye sindano ili DNA iingie kwenye seli.

Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo inayoumbua vipimo vya damu. Kirusi chake kina jeni zaidi ya 150, kwa hiyo hata kuchagua ya kuweka kwenye chanjo ni nusu kubahatisha. Watafiti wa Hispania walitengeneza chanjo ya DNA iliyoamsha kingamwili vizuri, lakini haikuwakinga nguruwe. Nyingine, ambayo jeni zake ziliunganishwa na ile ya ubikuitini (protini ndogo inayotia alama protini nyingine ili seli izivunjevunje), haikuonyesha kingamwili kabla ya maambukizi, na bado baadhi ya nguruwe walinusurika. Matokeo hayo yalichapishwa 2012. Kazi hapo ilielekea kufanywa na seli T, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, ambazo kipimo cha kingamwili hakizioni. Anayetazama kingamwili peke yake angeisifu ile ya kwanza na kuitupa ya pili!

Najua jaribio la kuambukiza ni chungu. Nguruwe wa kulinganishia, wasiochanjwa, hupanda joto kupita nyuzi 40, huacha kula, masikio hugeuka zambarau. Ndiyo maana ni lazima ipangwe mapema ni dalili zipi zikifika mnyama auawe kwa upole ili asiteseke zaidi. Ila kulikwepa jaribio ni kumhamishia mfugaji, alifanye bandani mwake bila kujua.

Tena kupona hakutoshi. Aliyepona apimwe kama bado ana virusi kwenye damu, maana huyo anaweza kuwaambukiza wenzake akiwa mzima wa kutazamwa.

Mtafiti wa magonjwa ya mifugo