Wabunifu majengo chipukizi washikishwe hati za zabuni

Mhariri,

Mbunifu majengo anayetoka chuoni anaweza kuchora jengo la ghorofa kumi likapendeza, lakini mpe hati ya malipo ya mkandarasi aikague uone anavyobabaika. Usimamizi wa miradi na ununuzi hufundishwa mno kwa kukaririsha fasili, na mtihani ukipita, somo nalo limepita. Lifundishwe kwa makaratasi yenyewe, mwanafunzi akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Aanze na zabuni. Apewe michoro, maelezo ya ubora wa kazi na mchanganuo wa gharama, avisome vyote vitatu sambamba. Atakuta michoro ina milango 24, mchanganuo una 22. Maelezo yanataka mlango uhimili moto kwa dakika 60, jedwali la milango limeandika 30. Tofauti kama hizo zikiachwa, mkandarasi atazidai baada ya mkataba kusainiwa, wakati hakuna tena mshindani wa kumfanya ashushe bei. Mzabuni akiuliza, jibu liandikwe na kupelekwa kwa wazabuni wote kwa wakati mmoja, aliyeuliza asitajwe. Kumjibu mmoja kwa simu kunatosha kuharibu zabuni nzima.

Kwenye tathmini, asikimbilie jumla ndogo. Mzabuni mjanja hupandisha bei za kuchimba na kumwaga msingi, akashusha za vigae na rangi. Jumla inabaki ileile, ila mapema tu anakuwa amelipwa zaidi ya thamani ya kazi aliyofanya. Akiitelekeza kazi katikati, fedha iliyobaki haimtoshi wa kuimalizia. Kosa hili halionekani kwa anayesoma ukurasa wa mwisho peke yake. Inabidi bei zilinganishwe kipengele kwa kipengele na za wazabuni wengine.

Hesabu ya malipo nayo ifanywe kwa mkono mpaka izoeleke. Tuseme kazi iliyofanyika tangu mwanzo ina thamani ya milioni 400 na zuio, yaani sehemu ya malipo ambayo mwenye mradi huishikilia kwanza kama dhamana ya kazi, ni asilimia 10. Toa 40, inabaki 360. Ikiwa hati zilizotangulia ziliidhinisha 270, hati hii ni ya milioni 90. Anayesahau zuio ataandika 130, na mwenye mradi atalipa 40 zaidi kwa saini ya mbunifu wake.

Muda hautaki mzaha. Masharti ya mkataba wa ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999 yanampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa ya dai, tangu alipojua tukio au alipopaswa kulijua. Akizembea, hapati muda wa nyongeza wala malipo ya ziada. Ndiyo maana agizo la mdomo kwenye saiti lisilale bila kuandikwa: nani kaagiza, lini, kwenye mchoro namba ngapi. La sivyo, dai likifika, kila upande utakuja na kumbukumbu yake.

Ratiba ipangwe kwa kurudi nyuma. Lifti yenye wiki 3 za kupitisha michoro ya mtengenezaji, 16 za kiwandani na 6 za usafirishaji inahitaji kuagizwa wiki 25 kabla haijafika saiti. Michoro hiyo ikikaa mezani kwa mbunifu wiki tatu zaidi ya zilizopangwa, ucheleweshaji ni wake, na mkandarasi ana haki ya kuuandikia barua.

Ofisi zinazopokea wanafunzi wa mafunzo kazini ziwaruhusu kuandika muhtasari wa vikao vya saiti, wenye safu ya mhusika na tarehe ya kukamilisha. Na bodi za usajili zimtake mtahiniwa alete hati moja ya malipo aliyoiandaa na agizo moja la mabadiliko, majina yakiwa yamefutwa, aulizwe kila tarakimu imetoka wapi.

Msomaji wako,
Mbunifu majengo