Mnatupimia viganja vya makotabeki, hamtuambii wakibanwa wanafanyaje

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa vijana wako wa dawati la michezo. Kwanza nashukuru, maana magazeti ya Kiswahili yanayohangaika na NFL, ligi kuu ya kule Marekani, ni ya kuhesabu, wengi wakisikia mpira wa Kimarekani wanaruka ukurasa, kwahiyo nyie kutenga nafasi nzima kwa ajili ya drafti (pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu) ni jambo la kupongezwa. Lakini ile makala ya vijana wa vyuo wanaocheza kotabeki, yule anaeongoza mashambulizi na kurusha pasi, imenikera kiukweli. Kila dogo mmempima urefu, uzito, upana wa kiganja, mbio za yadi 40 na umbali anaorusha mpira, halafu mkampa namba, basi. Hakuna hata mstari mmoja unaosema dogo anafanya nini mabeki wakishamfikia. Hivyo ni vipimo vya ng'ombe mnadani, Mhariri, kotabeki hapimwi hivyo.

Na mngekua wa kwanza kukosea hivyo ningenyamaza, ila hao wenyewe wenye ligi wameshaumia sana kwa mtindo huu. Mwaka 2007 Raiders (walikua bado Oakland) walimchukua JaMarcus Russell wa chuo cha LSU namba moja, jitu la futi 6 na inchi 6 lenye mkono ambao kila skauti (msaka vipaji) aliusimulia, misimu mitatu tu akawa hayupo tena kwenye ligi. Miaka saba kabla yake, drafti ya 2000, kuna kijana wa Michigan alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo ambao hata baadhi ya wale wanene wa mstari wa mbele wanauzidi, na ile picha yake akiwa kifua wazi bado watu wanaichekea mpaka leo. Tom Brady huyo. Makotabeki sita walichaguliwa kabla yake, yeye akaenda namba 199 raundi ya sita, akaja kumaliza na ubingwa wa ligi, Super Bowl, mara saba.

Watu wakifika hapo kwa Brady wanasema aah ile ilikua bahati, hakuna aliyeweza kujua. Mimi sikubaliani. Mechi yake ya mwisho ya chuo ni Orange Bowl, tarehe 1 Januari 2000, Michigan na Alabama. Michigan wako nyuma pointi 14, dogo anawarudisha. Wanaachwa tena pointi 14, anawarudisha tena, mpaka muda wa nyongeza wanashinda 35 kwa 34 na yeye karusha yadi 369 na tachidauni 4 (pasi za kufunga). Mechi ilikua kwenye televisheni, nchi nzima ikiangalia! Haikua siri ya mtu. Ila miezi michache baadae wakamuweka kwenye mzani na saa ya kupimia mbio, wakasahau walichokiona kwa macho yao. (Na msiwasifie sana New England waliomchukua kwa ujanja, kama kweli walijua wamepata dhahabu wasingesubiri mpaka namba 199, na wao walimruka raundi baada ya raundi.)

Sasa mtaniuliza tuangalie nini. Chukua dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne, zimebaki yadi 8 kupata majaribio mapya. Kotabeki kapokea mpira, karudi hatua zake tano, mpokeaji aliyemtegemea kakabwa, na beki mmoja kashampita mlinzi wa pembeni anakuja kwa mkono wa kushoto. Hapo msiangalie mkono, angalieni macho. Kuna madogo wanashusha macho na kuanza kumtazama anayekuja, akishashusha tu mchezo umekwisha, hata kama mwenzake kaachwa peke yake yadi 15 mbele hawezi kumuona tena. Wengine wanageuka na kukimbia kurudi nyuma, yadi 10, yadi 12, wanaangushiwa huko huko mbali. Na kuna wachache sana ambao wanapiga hatua moja ndogo kwenda mbele, bega halijashuka, macho bado yako mbali, anauachia mpira huku anapigwa. Hao ndo wa kuandikia makala.

Na hii tabia mtu huwa anahama nayo. Wachambuzi wa takwimu wanasema hivi, kotabeki ambae chuoni akibanwa anaishia kuangushwa mara nyingi, akifika NFL ataendelea kuangushwa, ni kati ya vitu vichache ambavyo vinafanana kabla na baada ya drafti. Caleb Williams wa USC alichaguliwa namba moja na Chicago Bears mwaka 2024, kipaji kikubwa mno sibishi, lakini chuoni alizoea kukaa na mpira akitafuta miujiza, na msimu wake wa kwanza pale Bears akaangushwa mara 68. Ukuta uliokua unamlinda ulikua mbovu, kweli, ila mara nyingine alikua anajipeleka mwenyewe.

Mchezo wa chuo nao unadanganya sana macho. Kule ile mistari midogo ya katikati ya uwanja (mpira huanzia kati yake) imeachana futi 40, NFL ni futi 18 na inchi 6 tu, maana yake chuoni mpira ukianzia pembeni unabaki upande mmoja mpana ajabu na wapokeaji wanajiachia huko bila mtu. Ukiongeza na zile timu kubwa kama Alabama na Ohio State ambazo kila mstari wa mbele una watu watakaoenda NFL wenyewe, unaweza kuangalia kotabeki anacheza mechi tatu mfululizo na jezi haijachafuka. Unampimaje mtu huyo?

Halafu zile siku za maonyesho za vyuoni, vijana wakirusha mbele ya maskauti, ambazo na nyie mmezisifia. Mwezi wa tatu 2021 Zach Wilson wa BYU alikimbilia kushoto akarusha mpira mrefu huku mwili unaenda upande wa pili, kile kipande kikazunguka dunia nzima, watu wakalewa. Timu ya Jets wakamchukua namba 2. Hakukua na beki hata mmoja uwanjani siku ile jamani! Kaptura, fulana, mpokeaji anaejua mpira unakuja wapi kwasababu wamelifanyia mazoezi tupio hilo hilo. Mwaka 2023 Jets hao hao wakamleta kotabeki mkongwe Aaron Rodgers, na 2024 Wilson akapelekwa Denver. Kinyume chake Teddy Bridgewater wa Louisville mwaka 2014 aliamua siku yake ya maonyesho arushe bila glovu aliyozoea, akaboronga, akashuka mpaka namba 32, kana kwamba misimu yote aliyocheza mechi za kweli ilifutwa na asubuhi moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni San Francisco. Mwaka 2021 walikua namba 12 kwenye foleni ya drafti, wakataka kupanda mpaka namba 3, wakatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya tatu juu, wakamchukua Trey Lance wa North Dakota State. Mrefu, mbio anazo, mkono anao, msimu wa 2019 karusha tachidauni 28 bila kupokonywa mpira hata mmoja. Ila chuo chake wakati huo hakikua hata kwenye daraja la juu, na msimu wa 2020 alicheza mechi moja tu sababu ya korona. Mechi 17 ndo alizoanza maisha yake yote ya chuo. Mwaka uliofuata, timu ile ile, makocha wale wale, chaguo la mwisho kabisa la drafti nzima, namba 262, wakampa Brock Purdy wa Iowa State. Futi 6 na kidogo, mkono wa kawaida, lakini ameanza mechi 46 chuoni, maana yake ameshapigwa, ameshafungwa, ameshatoka nyuma, yote ameyaona. Desemba 2022 makotabeki wawili wa mbele yake wakiwa wameumia akaanza mechi yake ya kwanza, tena dhidi ya Tampa Bay ya Brady, wakashinda 35 kwa 7. Agosti 2023 Lance akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Februari 2024 Purdy yuko Super Bowl.

Hapo najua kuna msomaji ameshanyanyua kidole anasema Josh Allen je. Sawa tuongelee Josh Allen, maana huyo ndo anaenisumbua hata mimi. Chuoni Wyoming alikua anafikisha asilimia 56 ya pasi zake, wapenda takwimu wote wakasema mkimbieni huyo, mwacheni na mkono wake. Buffalo wakamchukua namba 7 mwaka 2018. Msimu wa kwanza asilimia 52.8, wa pili 58.8, watu wakacheka tukasema si tuliwaambia. Wa tatu 69.2! Na 2024 akawa MVP, mchezaji bora wa ligi. Kwahiyo mkono na mwili vina kazi yake, siwezi kukataa, kuna pasi anazorusha yeye ambazo Purdy hawezi hata akiota. Ila angalieni kilichotokea katikati. Buffalo walimvumilia, wakajenga ukuta mbele yake, na 2020 wakatoa chaguo la raundi ya kwanza kwa Minnesota wakamleta Stefon Diggs wa kupokea pasi. Timu nyingine ingemtupa baada ya msimu wa pili na leo tungekua tunamtaja pamoja na Russell.

Na hilo ndo la pili ambalo makala yenu hailigusi, huyo kijana anaenda kwa nani? Sam Darnold alichaguliwa namba 3 mwaka ule ule wa Allen, akaangukia Jets, 2019 mbele ya New England maikrofoni ikamnasa akisema anaona mizimu, walifungwa 33 kwa 0 siku hiyo. Kila mtu akamzika. 2024 yuko Minnesota na kocha anaejua kumpangia pasi, na timu ikashinda mechi 14. Mtu ni yule yule. Patrick Mahomes nae, Texas Tech ya 2016 ilimaliza imeshinda 5 imefungwa 7, kuna mechi na Oklahoma alirusha yadi 734 na bado wakapigwa 66 kwa 59, maskauti wakasema huyu anacheza mpira wa mtaani. Kansas City wakapanda kutoka 27 mpaka 10 kumfata, wakamkalisha msimu mzima nyuma ya Alex Smith anajifunza. Mwaka huo huo Chicago walitoa mali kupanda kutoka 3 mpaka 2 wakamchukua Mitchell Trubisky aliyeanza mechi 13 tu chuoni.

Mitihani ya akili sitaki kuipa muda mrefu. Wonderlic ilikua maswali 50 kwa dakika 12, ligi imeachana nayo. Ikaja nyingine, alama za C.J. Stroud zikavuja mwaka 2023 kwamba kafeli, Houston wakamchukua namba 2 na akawa mchezaji bora mgeni (wa msimu wa kwanza) upande wa mashambulizi. Imeisha hiyo.

Ila kuna jambo moja lazima niliseme, maana kwenye makala mmemuelezea mmoja wa wale vijana weusi kwamba "labda abadilishiwe nafasi". Hiyo kauli ina historia chafu. Warren Moon mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote, akaenda Kanada na Edmonton akachukua ubingwa wa huko, Grey Cup, mara tano, ndo NFL ikamfungulia mlango 1984, leo yuko kwenye jumba la magwiji. Miaka arobaini baadae Lamar Jackson, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akaambiwa akawe mpokeaji pasi, akasubiri mpaka namba 32. MVP mara mbili. Mwandishi wenu asiirudie tena bila kutuambia ameona nini kwenye mechi.

Kwanini basi timu hazijifunzi? Hela. Mwaka 2010 Sam Bradford alisaini St. Louis na dola milioni 50 za uhakika kabla hajarusha mpira hata mmoja, ukikosea hapo umezama. Mwaka 2011 mkataba mpya wa ligi na wachezaji ukashusha mishahara ya wageni, Cam Newton namba moja akapata kama dola milioni 22 kwa miaka minne. Kotabeki kijana akawa ndo bidhaa rahisi kuliko zote, ukipatia una miaka minne ya kununua wachezaji wengine kwa hela iliyobaki, kwahiyo kila mmoja anabahatisha mapema. 2024 walienda sita ndani ya chaguo 12 za kwanza. Haimaanishi kulikua na sita wa kiwango hicho, njaa tu. Na nyie waandishi mnaichukua ile njaa mnatuletea kama tathmini. Mwaka 2025 tuliambiwa kila siku Shedeur Sanders ni wa raundi ya kwanza, akaenda namba 144.

Ombi langu ni dogo. Ile safu ya kiganja itoeni, wekeni mechi ngapi dogo ameanza na akibanwa anaangushwa mara ngapi. Na yule mliemuweka namba moja, mwandishi wenu aache vipande vya tachidauni, atafute mechi ambazo timu yake ilifungwa, aanzie hapo, halafu atuandikie upya.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa NFL