Barua kwa mwanangu: anza na saa ya kuamka

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kichwa kizito, usiku unagaagaa hadi saa 8, hamu ya kula huna, na zile tabia saba ulizozianza Jumatatu, kuandika shajara, kuoga maji ya baridi, kuacha sukari na nyinginezo, Alhamisi zote zilikuwa zimekushinda. Usijiite mvivu. Kila tabia mpya inataka mtu ajikaze, na mtu asiyelala ndiyo nguvu hiyo anayoikosa kwanza. Ziweke kando zote, ushike moja: saa ya kuamka.

Wengi huanza na saa ya kulala, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu usingizi hauji kwa kuamriwa. Kuamka unaweza kujilazimisha. Chagua saa 12 na nusu asubuhi, iwe hiyohiyo siku zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, hata kama usiku umelala kidogo. Saa hiyo Dodoma kumeshapambazuka mwaka mzima. Toka nje dakika 20, fua, fagia, tembea hadi kwa muuza maandazi, mradi mwanga wa asubuhi ufike machoni (jua lenyewe usilikodolee). Mwanga huo ndio unaoipanga saa ya mwilini, na usingizi wa usiku unaanza kuandaliwa hapo. Ukilala hadi saa 4 siku ya Jumapili, usiku wake hutasinzia mapema, na Jumatatu unaanza wiki ukiwa na deni.

Mchana ukizidiwa, lala dakika 20 tu, kabla ya saa 9. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho saa 6 mchana. Kafeini huchukua kama saa 5 au 6 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kopo unalokunywa saa 11 jioni ili upige msuli, nusu yake bado inakukesha saa 5 usiku. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa kidogo kuliko kahawa.

Sasa kitanda. Hapa nataka tuelewane vizuri, maana maisha ya hosteli yanaharibu jambo hili kuliko mengine yote. Kitanda cha deka kinageuka kuwa meza, jiko, sebule na kibanda cha simu. Mwili unajifunza kwamba pale ni mahali pa kuwa macho. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliandika tiba ya jambo hili mwaka 1972, nayo inatumika hadi leo: panda kitandani ukiwa na usingizi, si uchovu tu, pale usifanye kingine zaidi ya kulala, usingizi usipokuja kwa kadiri ya dakika 20, shuka. Usitazame saa, kadiria tu. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, soma kitu kisicho na shari, na si desa la mtihani. Ukianza kusinzia, rudi. Usipopata, shuka tena. Siku za mwanzo unaweza kushuka mara nne au tano kwa usiku mmoja, na wengi huacha hapo wakidhani imeshindikana. Kila ukishuka, chomeka chandarua chini ya godoro nyuma yako, la sivyo utarudi ukute mbu wamekutangulia.

Kama chumba hakina meza ya kutosha, tandika kanga juu ya shuka mchana, usome ukiwa umekaa upande wa miguuni, mgongo ukutani. Usiku ikunje, uiweke mbali. Kanga ikiwepo ni kazi. Ikiondoka ni kulala.

Kwa muda wa wiki mbili andika kila asubuhi: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulisinzia, mara ulizoshtuka, saa uliyoamka, na hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10. Kisha piga hesabu. Tuseme unapanda saa 4 usiku na kuamka saa 12 na nusu: muda wa saa 8 na nusu. Usingizi wenyewe, kwa wastani, ni wa saa 6. Gawanya, unapata kama asilimia 70. Kitanda ni kirefu kuliko usingizi. Basi panda saa 6 usiku, si saa 4, na kuamka kubaki palepale. Kadiri unavyokaa macho ndivyo usingizi unavyojikusanya, ukija unakuja mzima. Wiki ikifika asilimia 85, vuta saa ya kupanda mapema kwa dakika 15, na uendelee hivyo wiki kwa wiki. Ila muda wa kitandani usipungue saa 5 na nusu kwa usiku. Wiki ya kwanza utasinzia mchana, usiendeshe pikipiki. Na mwenye kifafa, au ambaye hali yake ya moyo hupanda na kushuka kupita kiasi, asifanye hili bila daktari. Mwambie hivyo mwenzako wa chumbani kama anataka kukuiga.

Mawazo yanayokuja ukishazima taa yapewe muda wao: dakika 15, saa 12 jioni, kwenye karatasi. Kushoto jambo, kulia hatua moja ya kesho. Lisilo na hatua, andika "halina hatua". Usiku likirudi, limeshaandikwa.

Vidonge vya dukani usivikimbilie. Piritoni inasinzisha siku chache, kisha mwili unaizoea, na asubuhi kichwa kinabaki na ukungu. Valiamu ni ya kuandikiwa na daktari, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari.

Haya yote ni ya usingizi na uchovu wa moyo. Ukiona huzuni imekukalia karibu kutwa nzima kwa wiki mbili, au hakuna tena kinachokupa raha, nenda zahanati ya chuo ukiwa na hilo daftari. Litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Wazo la kufa au kujidhuru likija, usisubiri wiki wala kesho: mwamshe mwenzako, nipigie saa yoyote, mwende hospitali. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapohapo Dodoma. Najua watu wanalitumia jina hilo kama tusi. Ni hospitali, ina madaktari wa kazi hii, na mwanangu akiingia pale nitakaa naye kwenye foleni.

Kwenye mzigo wa basi utakuta saa ya mezani na betri mbili. Iweke mbali na kitanda, mahali ambapo ni lazima ushuke kuizima. Simu ilale kwenye begi, ila mlio wa namba yangu uuache wazi.

Mama yako