Wito wa Harambee: Tuwalete Wachoraji wa Katuni Kirumba

Ndugu wazazi, walimu, wenye maduka na wenye mitumbwi wa Kirumba, pamoja nanyi wana Mwanza mlio mbali na nyumbani,

Tunawasalimu. Sisi walimu na wachoraji wa hapa Kirumba tunaomba mchango wenu tuweze kuandaa mihadhara minne ya wazi kuhusu katuni na hadithi za picha wakati wa likizo ya Juni. Kiingilio hakuna. Mwanafunzi, mvuvi na mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Malimbe watakaa kwenye viti vilevile. Tunahitaji shilingi 3,600,000. Wanakikundi wenyewe tumeshachanga 850,000.

Mzee mmoja alituuliza kikaoni: pesa zote hizo ni za vikatuni tu? Ni swali la haki, na wengine wenu mnalo moyoni.

Mzee wetu, katuni ndizo zilizowafanya Watanzania wengi wasome kwa hiari yao, bila mtihani wala fimbo. Mwaka 1967 Christian Gregory alianza kumchora mhusika wa katuni Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha jarida la Sani, na humo Philip Ndunguru akatupa mhusika Ndumilakuwili. Nakala moja ilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka ikachanika. Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana. Watoto wetu wanaweza kuwataja washairi na waandishi wa tamthilia, lakini jina lake hawalijui, na inatuuma.

Kwingine kazi hii inaheshimiwa. Mji wa Angoulême, Ufaransa, ulianzisha tamasha la hadithi za picha mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kinahifadhi katuni tangu 1977, na watafiti huenda kuzisoma huko. Mwaka 1992 Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi Marekani, kwa hadithi ya picha kuhusu baba yake, aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mwaka huohuo kijana wa Dar es Salaam, Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi tunamjua kama Gado, alianza kuchorea gazeti la Nation kule Nairobi.

Katika mhadhara wa kwanza tunataka kumleta mchoraji mkongwe kutoka Dar es Salaam. Ataweka ukurasa wake ukutani kwa projekta na kutuonyesha jicho linavyotembea, kwa nini fremu hii, yaani kisanduku cha picha, ni pana na ile nyembamba, na nini kimeachwa katikati. Fremu moja ina mama ameinua kisu juu ya sato. Inayofuata, sato yuko kwenye kikaango. Aliyempasua yule samaki ni msomaji, kichwani mwake. Mtoto akishaelewa hilo, hatasoma hadithi yoyote kama alivyokuwa akisoma mwanzo.

Wa pili unatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwa na makao yake hapa Mwanza, na watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi. Tunawatafuta wazee waliofundisha madarasa yale waje watueleze picha inamsaidiaje mtu anayeanza kusoma akiwa mtu mzima. Kila mwaka unaopita wanapungua.

Wa tatu utakuwa juu ya mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kama leo mtu angetaka kuichora, nyumba zilikuwaje? Makasia je, na mavazi? Wakerewe mlioko mjini, tunawaomba mje na picha za zamani na kumbukumbu za bibi zenu. Wa nne tutawaachia wanafunzi waonyeshe kazi zao wenyewe na kuulizwa maswali.

Fedha nyingi zitakwenda kwenye nauli, malazi na posho ya wageni wawili. Zinazobaki ni za kukodi projekta, kununua karatasi na wino, na chai. Ukumbi tumepewa bure, Mungu awabariki waliotupa.

Tunaomba kitu kingine kisicho fedha. Aliye na majarida ya katuni ya zamani sandukuni asiyatoe yakafungiwe karanga. Atuazime, tutaskani kila ukurasa mbele yake na kumrudishia siku hiyohiyo. Kwetu hilo lina uzito sawa na mchango wa laki moja.

Kadi za michango ziko kwa wajumbe wa mitaa, na namba ya mweka hazina imeandikwa humo. Hata elfu mbili tunaipokea, na kila atoaye apewe risiti. Anayetaka kuahidi sasa anaweza kulipa kidogo kidogo hadi tarehe 31 Mei, ili tuwakatie wageni tiketi mapema.