YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOKSI LA EPOKSI YA KUFUNIKIA KAUNTA YA JIKONI

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Boksi lenu la lita 3 (rezini lita 1.5, kigumishi lita 1.5, vimiminika viwili vinavyochanganywa ili epoksi igande) limeandikwa kwamba linatosha mita za mraba 4. Hesabu hiyo haikubali. Lita 1 ikitandazwa kwenye mita ya mraba 1 inatoa unene wa milimita 1, kwa hiyo boksi lenu linatoa milimita 0.75 tu. Epoksi nyembamba hivyo haijisawazishi. Inajikusanya huku, inakimbia kule, na fomaika ya zamani, ile karatasi ngumu ya plastiki iliyobandikwa juu ya kaunta, inachungulia. Kazi ya kueleweka inataka kama milimita 3. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 inakula lita 5.4, bila kuhesabu inayochuruzika ukingoni.

Kibaya zaidi ni maelezo ya kuchanganya. Kipeperushi kinasema sawa kwa sawa, "kwa kopo au kwa mizani". Uwiano wenu wa 1 kwa 1 ni wa ujazo. Rezini ni nzito kuliko kigumishi, hivyo anayepima kwa mizani anazidisha kigumishi bila kujua. Kisha mnamwambia mtu aipindue ndoo juu ya kaunta mpaka tone la mwisho! Mabaki ya kwenye kuta na kitako cha ndoo ndiyo ambayo hayakukorogeka, na hayakauki kamwe. Tazameni picha ya kwanza tuliyoambatanisha: kiraka cha ukubwa wa kiganja kando ya sinki, siku 7 baada ya kumwaga, na alama ya kidole bado inabaki. Dawa yake ni kukoroga dakika 3 huku ukikwangua kuta, kuhamishia ndoo safi, kukoroga tena, na kuiacha ndoo bila kuipindua. Hilo halimo popote.

Kuhusu maandalizi, mmeandika "futa kwa kitambaa chenye unyevu". Mafuta ya kupikia na silikoni iliyozunguka sinki haviondoki kwa kitambaa. Picha ya pili inaonyesha matokeo, vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Silikoni ikwanguliwe yote, mafuta yaoshwe kwa sabuni, ndipo upite msasa namba 120 mpaka mng'ao wa fomaika uishe, kisha vumbi lifutwe kwa spiriti. Mngeonya pia kwamba chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) iliyovimba kwa maji hainyooshwi na epoksi. Kipande hicho hukatwa.

Tunadai maboksi 2 ya kurudia kaunta hii baada ya kuikwangua, na kipeperushi kirekebishwe kabla ya shehena nyingine kutoka kiwandani. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wateja wenu,
Mafundi wa makabati na kaunta

Viambatisho: picha 2, risiti, kipeperushi