Masaa 1500 peke yake hayatoshi

Mhariri,

Kuna watu wanataka rubani mpya wa ndege za abiria asiajiriwe bila masaa 1500 hewani, eti kama Marekani, lakini tuende pole pole. Hiyo sheria ilitokana na ndege ya shirika la Colgan iliyoanguka karibu na Buffalo, huko huko Marekani, Februari 2009 ikaua watu 50, Kongresi ikaipitisha 2010, ikaanza kutumika 2013. Sasa cheki hapa, wale marubani wote wawili walikuwa washapita masaa 1500! Ndege ilipoteza mwendo, kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma mbele, na uchovu pia ulitajwa. Uropa kijana anakalia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na masaa kama 200 hivi, ila amepikwa vizuri kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urushaji ndege ardhini) na kando yake kuna kapteni mzoefu.

Huku Kisumu kuna vijana wana leseni ya urubani wa kibiashara na wamekaa tu nyumbani, mzazi aliuza shamba Nyakach ndio mtoto asomee urubani Uwanja wa Wilson, Nairobi, sasa hayo masaa mengine kama 1300 ya kufikia 1500 atayatoa wapi na kila saa ya kale kandege kadogo analipa mwenyewe (na bei ya mafuta mnaijua)? Halafu kuzunguka juu ya Ghuba ya Winam asubuhi hewa imetulia hakumfundishi mtu kutua jioni radi zikipiga ziwani. KCAA, wasimamizi wa usafiri wa anga Kenya, wabane mafunzo ya simuleta na mapumziko ya marubani kwanza, masaa tutaongea baadaye.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu